Kopo la Chini ya Bomba

Wakiniuliza kwa nini niliacha kazi ya mitoni, nasema mgongo. Nasema maji ya nchi hii yana baridi ya kuvunja mifupa na daktari amenikataza kuinama. Watu wananipa pole, wengine wananitajia mafuta ya kuchua. Hata binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia ila hujibu kwa Kiingereza, aliponiuliza, "Mum, why don't you wear the big trousers anymore?" nilimwambia mgongo. Mgongo wangu ni mzima kabisa. Niliondolewa kazini kwa sababu ya uongo nilioufanya Ijumaa moja mchana ili niwahi sare za sendoff, na uongo huo ulimwangukia bibi mmoja wa Stanmore, kitongoji cha London, ambaye kosa lake kwangu lilikuwa kuniambia "lete ndoo."

Nianze na kazi yenyewe, maana hata ndugu zangu hawakuwahi kuielewa. Nilikuwa mtaalamu wa viumbe wa maji baridi. Si samaki, samaki wana wenyewe. Mimi nilikuwa wa wadudu wanaoishi chini ya mawe ya mto: kamba wadogo wasiozidi ukucha, konokono, ruba, watoto wa nzi wanaokaa majini miezi na miezi ili waje kuruka siku moja tu, na mdudu mmoja anayejijengea nyumba ya vijiwe na kutembea nayo popote aendapo. Ukitaka kujua kama mto ni mzima au mgonjwa, unaweza kupima maji, lakini maji hupita. Uchafu ukimwagwa Jumatatu, Jumanne maji yanang'aa. Wadudu hawapiti, wapo pale pale, na kila kilichomwagwa kimewapitia. Mto mzima unao wa kila aina. Mto mgonjwa unabaki na minyoo wekundu na wengine wachache wasiojali kitu.

Kuwapata hakuhitaji akili nyingi. Unavaa suruali ya mpira inayofika kifuani, unaingia mtoni, unashika wavu upande maji yanakoelekea, unatifua mawe kwa buti dakika tatu ukitazama saa, na kila ulichokitifua kinaingia wavuni. Halafu dakika moja ya kugeuza mawe kwa mkono. Unamimina yote kwenye kopo la plastiki, unatia spiriti, unaandika kikaratasi chenye jina la mahali na tarehe, unakitumbukiza humo humo pamoja na wadudu. Unaandika kwa penseli, kwa sababu spiriti hula wino. Mama yangu alipoiona picha yangu nimevaa ile suruali aliuliza kama Ulaya kote huko nilikwenda kuzibua mitaro.

Nimezaliwa Dodoma. Utotoni mtu angeniambia nitakuja kula mshahara wa wadudu wa mtoni, ningemuuliza mto upi. Maji tulipanga foleni na ndoo, na chini ya ndoo kulikuwa na vitu vinavyojinyonganyonga. Wenzangu walichuja kwa kitambaa wakasahau. Mimi nilivikusanya kwenye kikombe nikavitazama, nikachapwa kwa kuchezea maji ya kunywa. Chuo nilisoma Dar es Salaam, nikasomea viumbe wa majini, kisha nikafundisha baiolojia sekondari miaka minne nikisubiri kazi ya fani yangu ambayo haikuja. Ulikuja ufadhili wa shahada ya pili London. Shahada nikaipata, kazi nikaikosa. Miaka miwili nilipanga trei za chakula cha abiria wa ndege kwenye ghala moja Hounslow, na siku zangu za mapumziko nilikwenda kujitolea kwenye maabara ya kampuni ndogo, kuchambua wadudu kutoka kwenye matope. Nilikuwa na mkono mwepesi. Wakaniajiri, kwanza msaidizi, halafu, baada ya mtihani wa kutambua wadudu kwa majina yao ya kisayansi, wakanipa cheo chenyewe. Siku hiyo nilipiga simu nyumbani nikiwa ndani ya basi, nikalia mbele ya watu.

Sisemi haya kujisifu. Nayasema ili ieleweke nilitupa nini. Hakuna aliyenipa kazi ile kwa kunionea huruma, na hakuna aliyeninyang'anya kwa chuki. Wako watu wetu wengi hapa wamefukuzwa kwa hila na ubaguzi, na nikinyamaza kidogo tu, wanaosikia habari yangu wananiweka kwenye kundi hilo na kunitetea. Hilo nalo linanitia aibu.

Sasa bibi. Alizaliwa Kisumu, Mhindi wa Kigujarati, akaja Uingereza na wazazi wake akiwa binti. Alikuwa mfamasia hadi alipostaafu, na alikuwa mjane. Nyuma ya barabara yao kuna kijito chembamba, mahali pengi hakifiki magotini, na yeye na majirani kadhaa walikuwa wamefundishwa kukipima kila mwezi kwa kujitolea, kwa wavu wao. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wao na mwenye daftari. Kwa mwaka mzima daftari lake lilisema kwamba chini ya bomba moja linalomwaga maji ya mvua kijitoni, kamba walikuwa wakipungua, kisha wakaonekana wamekufa, kisha hawakuonekana kabisa. Juu ya bomba walikuwa tele. Akawaandikia kaunsili, halmashauri ya mtaa. Akaandika tena. Alisema ziko nyumba zilizounganisha mabomba ya mashine za kufulia kwenye mfereji wa mvua badala ya ule wa maji machafu, jambo linalotokea sana mji huu, na sabuni yote inaishia kijitoni. Kaunsili wakaona dawa ni kuleta mtaalamu apime sehemu mbili, juu ya bomba na chini ya bomba, alinganishe. Mtaalamu huyo akawa mimi.

Siku ya kwanza alinipeleka kunionyesha mahali. Nilipojua ni mtu wa Kisumu nilifurahi, nikamwamkia shikamoo. Akanijibu, "Mzuri sana!" Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe mutu ya Tanganyika? Mimi iko miaka mingi sana sijaongea hii Kiswahili!"

Kiswahili chake kilikuwa kile kilichotumika kwao na watumishi wa nyumbani, na hakikuwahi kukua tangu hapo. Karibu chote kilikuwa cha kuagiza. Lete ndoo. Weka hapa. Ngoja. Pole pole, wewe! Kwa Kiingereza alikuwa mtu wa "please" na "would you mind", mpole hadi unachoka. Lakini alikuwa amefurahi kukiona Kiswahili chake kinafanya kazi tena, na hakutaka kukiacha, kwa hiyo mchana kutwa mimi na shahada zangu mbili tulikuwa watumishi wa jikoni Kisumu. Nilitabasamu. Jioni nikawasimulia akina mama wa kamati, nikamwigiza na sauti yake, wakacheka hadi wakajifuta machozi. Ningeweza kumwambia, "Bibi, mtu mzima haambiwi hivyo," na nina hakika angeshtuka akaniomba radhi papo hapo. Sikumwambia. Nilikuwa nimepata kinyongo kitamu na sikutaka kukiachia.

Kamati niliyoitaja ilikuwa ya sendoff, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa rafiki yangu wa kanisani. Mtanzania na kamati ya shughuli hawaachani hata ukiwatenganisha na bahari: vikao, grupu la WhatsApp lisilolala, mweka hazina mwenye roho ngumu, na sare. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Kazini nilikuwa mtu wa kawaida aliyenuka matope, lakini Hounslow nilikuwa Mwenyekiti, na nilipoingia kikaoni watu walisogeza viti. Nakiri nilikipenda cheo hicho kuliko kile nilichokilipia kwa miaka. Sendoff ilikuwa Jumamosi. Vitenge vya sare vilikuwa Southall kwa fundi, mama wa Kipunjabi mzaliwa wa Nairobi, mwenye mkono mzuri na asiyemsubiri mtu, na nilikuwa nimeahidi mbele ya kikao kwamba nitavifuata mimi mwenyewe Ijumaa baada ya kazi.

Ijumaa hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kuchukua sampuli za kijito cha bibi. Kwa kawaida tunakwenda wawili. Mwenzangu aliamka na homa, na bosi akasema kijito ni kifupi, nenda peke yako ila uwe mwangalifu. Mvua ilikuwa ile ya London isiyonyesha wala kuacha. Nilianza juu ya bomba. Dakika tatu, dakika moja, nikamimina kwenye sinia jeupe nitazame: kamba wanarukaruka, wale wa nyumba za vijiwe, watoto wa nzi wenye mikia mitatu. Sampuli nono, ya kumfurahisha mtu wa kazi yangu.

Chini ya bomba kijito kinaingia ndani ya uzio wa uwanja wa michezo, na geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao mlinzi wa uwanja, upande wa pili, dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi na zile buti. Nimesimama majini nikilitazama geti, simu ikalia. Alikuwa katibu wa kamati.

"Mwenyekiti, uko wapi? Fundi amenipigia, anasema leo anafunga saa kumi kamili, ana harusi ya kwao. Na Jumamosi hafungui."

"Niko njiani," nikasema, na maji yanapita katikati ya miguu yangu.

"Usituangushe, mwenzetu. Tutaingia ukumbini kila mtu na gauni lake kama abiria?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Saa ilikuwa nane na nusu. Nilikuwa na sampuli moja nono na makopo mawili. Nikamimina nusu huku, nusu kule, nikatia spiriti. Haikuchukua hata dakika mbili. Nikaandika vikaratasi kwa penseli, kimoja Juu ya Bomba, kingine Chini ya Bomba, nikavitumbukiza kila kimoja mahali pake. Nilijiambia Jumatatu nitarudi kuchukua ya kweli na hii nitaimwaga. Nadhani niliamini hivyo mpaka nilipofika Southall.

Sare nilizipata zikiwa zimebaki dakika kumi. Sendoff ilifana. Watu walisema hawajawahi kuona kamati iliyojipanga namna ile, MC akaniita mbele, nikacheza na mgongo huu huu ninaousingizia leo.

Jumatatu bosi alitaka makopo maabarani, ripoti ilikuwa inasubiriwa. Ningeweza kusema ukweli siku ile. Ningegombezwa, ningerudi kijitoni, mambo yakaisha. Badala yake nilikaa kwenye hadubini, na hapo nikafanya kosa la pili, ambalo hata ninapokiri la kwanza huwa nalificha. Nilipohesabu nikaona makopo yale yanafanana mno, kama mapacha, na mtu mwenye jicho angeshtuka. Nikapunguza kidogo huku, nikaongeza kidogo kule. Ijumaa ilikuwa haraka na ujinga. Jumatatu ilikuwa akili zangu zote, zile nilizosomeshwa. Nikaandika kwamba hakuna tofauti ya maana kati ya juu ya bomba na chini yake. Sababu za kujituliza hazikukosekana: kijito kwa macho kilionekana safi, watu wa kujitolea hukosea, na bibi ni mzee.

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi mdogo wa maktaba, mbele ya majirani na ofisa mmoja wa kaunsili. Niliyasoma mimi. Nilikuwa na picha za wadudu, watu wakazipenda. Nilipomaliza bibi alisimama na daftari lake.

"I have had my hands in that water every month," alisema. "They were dead. I was a pharmacist, I know how to look."

Wachache walicheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyomchekea bibi yake. Ofisa alikuwa mstaarabu sana. Alisema kazi hii ni ngumu kwa asiye mtaalamu, mwanga huwa hafifu, macho nayo huchoka, na pengine umefika wakati wa mwenzake mwenye umri mdogo zaidi kulishika daftari. Jirani mmoja akakubali. Bibi alikuwa bado amesimama. Alinitazama mimi, na hakunitazama kwa kunishtaki. Alitazama kama mtu anayemuuliza mwenzake wa kazi, hivi kweli? Nikainamia karatasi zangu nikazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangika.

Watu walipokuwa wakitoka alinifuata kwenye meza.

"Beta," aliniita, neno la kwao la kumwita mwana, "samahani. Mimi nasumbua watu bure. Macho yangu iko mbaya. Kichwa pia, labda."

"Hamna shida, Bibi."

"Hapana, ni shida. Lakini naamini wewe. Wewe mutu ya nyumbani, wewe hapana danganya mimi."

"Asante, Bibi," nikasema. Nimewahi kusema mengi ya kijinga maishani, lakini asante ile ndiyo inayonijia nikiwa naosha vyombo, na huwa nafunga bomba la maji nikasimama.

Mwaka ukapita. Sikukanyaga Stanmore. Kisha kaunsili wakataka kijito kipimwe tena, kwa kawaida tu, na safari hii alikwenda yule mwenzangu aliyekuwa na homa. Alizunguka kufuata ufunguo bila manung'uniko. Alipomimina kopo la chini ya bomba kwenye sinia, pale maabarani kwenye meza iliyo mkabala na yangu, nilisimama kutazama. Minyoo wekundu. Hakukuwa na kamba hata mmoja, wala konokono. Kopo la juu lilikuwa limejaa uhai kama zamani.

"Something must have happened this year," alisema mwenzangu. "Yours was spotless."

Nikaitikia. Na hapo nikaona jinsi nilivyopona. Ripoti yake ingesema kijito kimeharibika ghafla. Kaunsili wangefuatilia mabomba, nyumba zenye kosa zingepatikana, kijito kingetibiwa. Uongo wangu ungefukiwa chini ya ukweli wake, na hakuna mtu duniani angeumia tena kwa sababu yake, isipokuwa mmoja, bibi aliyeamini kwamba mwaka ule macho yake yaliona vitu visivyokuwepo. Kama nisingekwenda kumwambia mimi, hakuna mwingine angejua kuna la kumwambia. Nilikaa na hilo wiki tatu. Sikula vizuri, nikamfokea mtoto kwa vitu vya kipuuzi.

Jumapili ya nne, kutoka kanisani, nilinunua boksi la maembe Southall nikalibeba hadi Stanmore kama mtu anayepeleka posa. Nataka nieleze nilikuwa na mpango gani, maana hapa ndipo ninapoonekana nilivyo hasa. Nilikwenda ili yaishe kinyumbani. Ndivyo tulivyolelewa: ukimkosea mtu mzima unakwenda kwake, unainama, unamwambia nimekosa, anakusamehe, mnakula, na wa nje hawahusiki. Nilitaka msamaha wa sebuleni, kwa Kiswahili, ambao usingefika kwa bosi wangu.

Mwanawe ndiye aliyenifungulia, mwanamume wa makamo, mwenye adabu na uchovu. Bibi alikuwa kwenye kochi. Alikuwa amepungua. Alinitambua mara moja, akafurahi. Mwanawe akaenda jikoni kuweka chai. Nikapiga magoti kwenye zulia, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, taratibu ili anielewe, kwamba siku ile sikufika chini ya bomba. Kwamba niligawa kopo moja mara mbili. Kwamba aliona kweli.

Nilijiambia nimetumia Kiswahili kwa heshima. Nilikitumia kwa sababu mwanawe hakijui.

 Bibi akamwita mwanawe kwa jina, naye akatokea na kijiko mkononi.

"Sasa sema," akaniambia. "Sema tena. Kwa Kiingereza. Yeye asikie."

"Bibi, nilidhani mimi na wewe..."

"Sema."

Nikasema. Kwa Kiingereza ilikuwa fupi na mbaya zaidi: I didn't take the sample. I made it up. She was right. Mwanawe aliniuliza kama natania. Halafu akaketi kwenye mkono wa kochi, akaanza kueleza, na hakuwa akinieleza mimi, alikuwa akijieleza mwenyewe. Kwamba baada ya mkutano ule mama yake alimpigia akasema anaona vitu visivyokuwepo, na yeye akaogopa. Kwamba walimpeleka kliniki ya kumbukumbu, wanakopimwa wazee wanaosahau, mara mbili, na kliniki ilisema yuko sawa kwa umri wake, lakini mama mwenyewe hakukubali kwamba yuko sawa. Gari lake wakaliuza kwa ombi la mama mwenyewe. Kijitoni hakwenda tena.

"Jiko," alisema bibi.

"Mum, leave it."

"Hapana. Yeye asikie." Akanigeukia. "Mimi nafikiri, kama macho yangu inaona kitu imekufa, na haikufa, basi mimi naweza kuona gas imezimwa, na haijazimwa. Naweza kuchoma nyumba. Mwaka moja sijapika, beta. Hata chai. Yeye anakuja kutoka Harrow kila siku, anafanya chai yangu, anaenda."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi. Njiani kwenye treni nilikuwa nimefikiria kufukuzwa kazi, kusemwa kwenye grupu, kushtakiwa hata. Jiko sikulifikiria. Kwenye ripoti kuna wadudu na mabomba na majina ya mahali, hakuna mahali pa kuandika kwamba mwanamke aliyewapimia watu dawa maisha yake yote ataogopa kuchemsha maji.

Mwanawe alitaka niandike, na safari hii sikubisha. Niliandika pale pale, kwa simu yangu, kwa bosi na kwa kaunsili, kosa la Ijumaa na la Jumatatu pia. Yeye akasoma. Akanisahihisha mahali nilipoandika "error", akasema hilo silo neno lake. Nikalifuta, nikaandika kwamba nilidanganya. Nikatuma. Yaliyofuata kazini yalifuata, na yalikuwa haki.

Kisha nikamgeukia bibi, na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine tena cha kupoteza, nikadhani sasa ninastahili.

"Naomba unisamehe, Bibi."

"Hapana," alisema. "Leo hapana." Alikuwa analia na alikuwa amekaa wima kuliko nilipomkuta. "Mwaka moja mimi naogopa tu. Sijakasirika hata siku moja, kwa sababu nafikiri makosa ni yangu. Leo nataka kukasirika. Kaa hapo."

Nikakaa. Alihamia Kiingereza, kile chake cha upole, na hakikuwa na upole wowote. Aliniuliza kuhusu kila mwezi wa mwaka ule, nilikuwa wapi na nilikuwa nafanya nini, na mimi nikajibu kila mwezi. Mwanawe alileta chai ikapoa. Giza lilikuwa limeanza kuingia alipomaliza, na sikumkatiza hata mara moja.